Kiti cha Asiyekuwepo

Mashahidi wa shangazi yangu hawalii mahakamani. Wanalia ofisini kwetu, kwenye chumba cha mikutano chenye zulia la kijivu na dirisha linalotazama ukuta wa benki. Wanalia mpaka wanamaliza, na siku ya kesi wanasimama wakavu kama kuni. Mawakili wengine walidhani ana dawa. Karani wetu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alikuwa akiwajibu, "Dawa anayo. Inaitwa kurudia."

Watu walimwita Mama Katiba. Jina lilianza kwa kejeli, enzi za ujana wake, alipokuwa akiingia mahakama kuu na kile kitabu chembamba mkononi na kumwomba jaji afungue ibara fulani, naye jaji akitafuta cha kwake asikione. Kejeli ikaisha, jina likabaki. Alizifutisha sheria zilizokuwa zikiwafunga watu kwa maneno yao. Milango ya nyumbani ilipofungwa, alipanda ndege akaenda kugonga ya nje, kwenye mahakama ya kimataifa ya haki za binadamu. Lakini kesi zilizomla zaidi ni za watu waliopotezwa: watu waliochukuliwa mchana na watu wa serikali, kisha serikali ikasema haiwajui.

Kwa kesi hizo alikuwa na desturi yake. Kabla ya siku ya kusikilizwa tulifanya zoezi. Karani alikuwa jaji. Mmoja wetu alikuwa wakili wa serikali, kazi yake kumdodosa shahidi bila huruma. Na mbele ya shahidi kiliwekwa kiti cha asiyekuwepo, akakaa mtu juu yake.

"Ukimsimulia mtu mbele ya ukuta utadanganya au utalia," Shangazi alisema. "Msimulie mbele ya macho."

Anayekaa pale haigizi. Hasemi neno. Anakaa tu.

Miaka yote alikaa Shangazi mwenyewe. Wakili wa serikali kwenye zoezi alikuwa kijana tuliyemwita Kaka Joho, kwa sababu alipenda kuvaa joho hata akienda kununua sabuni. Halafu Kaka Joho akaacha kazi, akaajiriwa na serikali yenyewe.

"Zoezi limemkolea," Karani alisema.

Ikabidi Shangazi ashike nafasi ya Kaka Joho, maana hakuna mwingine aliyeweza kuwa mkali hivyo. Kiti kikabaki kwangu. Mimi nilikuwa wakili mchanga, mwoga wa kusimama mbele za watu, na Karani alikuwa ameshanipa jina: Wakili Bubu.

"Kazi imepata mwenyewe," alisema. "Kukaa na kunyamaza. Huyu amezaliwa nayo."

Shangazi hakucheka. Alinishika bega, akaniambia, "Lolote litakalokujia ukiwa pale, limeze."

"Litanijia nini, Shangazi?"

"Njaa, labda. Mazoezi ni marefu."

Mteja wetu alikuwa Mama Fundi. Mwanawe alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na vipaza sauti. Mwaka ule wakubwa walipotaka kuibadili katiba ili rais aendelee kukaa, watu walifanya mkutano wa kupinga, na vipaza sauti vya mkutano vilikuwa vimepita mikononi mwake. Yeye mwenyewe hata hakwenda. Watu waliovaa kiraia walimfuata kibandani wakamtia kwenye gari, na habari zake zikaishia hapo. Polisi walisema hawamjui. Mahakama yetu ilisema haiwezi kuwaamuru polisi wamlete mtu wanayesema hawanaye. Sasa, miaka imepita, mahakama ya nje ilikuwa imekubali kumsikiliza mama yake, mara moja tu. Serikali ilishajibu kwamba kijana alivuka mpaka kwa hiari yake, yuko hai huko, na anaongea na nyumbani kwa siri.

Mama Fundi hakutaka fidia. "Waniambie walikomweka," alisema. "Nikijua alipo nitajua pa kuelekeza uso nikimwombea."

Jambo lake lote lilikuwa hilo. Na njia ya kulipata ilikuwa moja: asimame siku hiyo, aulizwe na upande wa pili, asivunjike. Lakini kila tulipofika asubuhi ya mwisho, alivunjika.

"Mwanao alikwambia anakwenda wapi?" Shangazi alimuuliza, kwa sauti ya serikali, kavu.

"Nilikuwa naosha vyombo," alisema Mama Fundi. Macho yake yalikuwa kwangu, kama alivyoelekezwa. "Akasimama mlangoni. Akaniambia..."

Shangazi alimsogelea hatua moja.

"Akaniambia neno, mheshimiwa. Mimi nilikuwa nimemnunia kwa sababu ya nguo zake alizozitupa sakafuni. Sikugeuka. Akaniambia neno sikumjibu, na sasa hivi silikumbuki. Nimelitafuta mpaka kichwa kinauma."

"Hulikumbuki neno la mwisho la mwanao. Si kwa sababu halikuwa la mwisho, mama? Si kwa sababu mmeongea mengi tangu siku ile?"

Alijiinamia. Mabega yakaanza kutetemeka, na mimi, ambaye hata paka akilia hulia naye, niliuma mdomo nisimwendee. Hapo ulimi wangu ukapoa. Sina namna nyingine ya kulieleza. Ilikuwa kama mtu ameniwekea kijiko cha chuma mdomoni.

"Kitasa cha mlango wa uani kimelegea, Mama," nilisema. "Kivute kwanza ndiyo uzungushe. Nikirudi nitakikaza."

Sauti ilikuwa yangu. Karani akaweka mezani kijiko cha chai ambacho ndicho kilikuwa nyundo yake ya ujaji, akakiweka taratibu sana. Mama Fundi aliinua uso. Machozi yalikuwa yamekatika kama bomba lililofungwa.

"Ndivyo alivyosema," alisema. "Na mpaka leo hakijakazwa. Nakivuta kwanza."

Shangazi alifunga kikao. Alinipeleka kwenye kijichumba cha kuchemshia chai, akasimama mgongo kwa mlango.

"Nilikwambia usiseme."

"Sikusema mimi, Shangazi."

"Nakuamini. Ndiyo kinachonitisha." Alimimina chai vikombe viwili. "Unajua kwa nini nyumba yetu haipakwi rangi?"

Nilidhani ni ubahili. Nyumba nzima ilikuwa plasta tupu, na wageni walikuwa wakiuliza lini tutamaliza kujenga.

"Kuna mwanafunzi mmoja aliyepotezwa, nilimkalia kiti chake nikiwa na umri wako. Kesi tulishinda. Tangu hapo nikisikia harufu ya rangi mbichi, miguu inaniisha nguvu. Mimi hakuna aliyewahi kunifungia kwenye chumba kilichopakwa rangi juzi yake, mwanangu. Si mimi."

"Uko na wangapi, Shangazi?"

"Siwahesabu. Ukiwahesabu wanaitika."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Nikamuuliza kama Kaka Joho alijua.

"Aliniona siku moja nikijibu. Wewe unadhani alitukimbia kwa ajili ya mshahara?"

Baada ya siku hiyo Mama Fundi alikuwa mtu mwingine. Aliieleza asubuhi ile tangu mwanzo hadi mwisho, kitasa na vyote, macho makavu. Shangazi alimpiga maswali ya kila namna, akayajibu. Tungefurahi, isipokuwa alianza kuja hata siku ambazo hakuna zoezi. Alivuta kiti mbele ya meza yangu, akafungua mfuko wake, akatoa mkate, machungwa yaliyomenywa, mara nyingine shati la kiume lililopigwa pasi, ambalo aliliweka tu pale na kulinyoosha kola.

"Umekonda, baba," aliniambia.

"Wakili Bubu siku hizi ana mama wawili na wote wanamlisha," Karani alisema. "Sisi yatima tutatafuna mafaili."

Mama Fundi alicheka, akamkatia kipande cha mkate. Mimi ni mwanamke; nilipaswa kumzuia asiniite hivyo. Lakini kumkatalia mtu ni kazi iliyonishinda tangu utotoni, na zaidi ya hapo, kila aliponiita baba kitu ndani yangu kiligeuka kumtazama. Vidole vyangu vilianza kuwa na mambo yao. Jumapili moja Shangazi alirudi kutoka sokoni akanikuta nimeifungua redio yake, matumbo yote yako juu ya gazeti. Nikairudisha, skrubu kwa skrubu, ikalia vizuri kuliko ilivyokuwa tangu ainunue. Mimi hata balbu naita mtu kubadilisha. Shangazi aliizima, akaifunika kitambaa kama wanavyofunika kioo kwenye nyumba yenye msiba.

Jumatano ya wiki tuliyopaswa kusafiri kwenda mahakama ya nje, alasiri, jua likiwa limejaa juu ya meza yangu, Mama Fundi aliacha kumenya chungwa.

"Baba," aliuliza, "uko wapi?"

Nilijaribu kulimeza, kama nilivyoagizwa. Baridi ilipanda kutoka miguuni hadi kwenye taya, na jua lile linaniunguza mikono.

"Pale kambini, barabara ya kiwanda cha matofali. Pale wanapooshea magari. Chini ya saruji." Niliyasikia maneno yakitoka moja moja. "Maji yanapita juu yangu mchana kutwa, Mama."

"Kuna baridi?"

"Kuna baridi."

Akanyoosha mkono, akanifunga kifungo cha juu cha blauzi, akanipigapiga kifuani taratibu kama mtoto anayebembelezwa. Hakulia. Alikusanya maganda ya chungwa kwenye mfuko, akasema, "Basi. Mimi nimeshajua. Huko mahakamani sasa naenda kutafuta nini?"

Karani, ambaye alikuwa amesimama na faili mkononi muda wote, alikwenda kumwita Shangazi bila kufanya mzaha wowote. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Shangazi alisikiliza yote amesimama. Kisha akakaa karibu na Mama Fundi, magoti kwa magoti.

"Dada yangu, kujua umejua. Lakini utamchimbuaje? Kambi ina ukuta na bunduki. Hakuna atakayekufungulia kwa neno la binti wa ofisini. Ukuta ule unafunguliwa na amri ya mahakama, basi."

"Si tukawaambie majaji, basi?"

"Ushahidi una mlango wake. Huu umeingilia dirishani. Nikiuleta mimi, watautupa, na wewe pamoja nao. Watasema tunapiga ramli." Akamshika mkono. "Na kuna baya zaidi. Watakuuliza umeongea na mwanao lini mara ya mwisho."

"Nitawaambia Jumatano."

"Ukisema Jumatano, kesi imekufa. Ndicho wanachokitafuta. Watasema, mnaona, yuko hai, wanaongea naye."

"Kwa hiyo unaniambia niape, halafu niseme uongo?"

Shangazi aliinuka akaenda dirishani. Alitazama nje, kwenye ukuta wa benki.

"Sijawahi kumfundisha shahidi uongo," alisema hatimaye, "na sitaanza uzeeni. Omba tu wasikuulize."

Nilimfuata Mama Fundi kwenye ngazi. Niliona kwamba hili nimelileta mimi, na mimi ndiye wa kuliondoa. Nilimwambia kile nilichokuwa nimeshindwa kumwambia siku zote hizo.

"Mama, mimi si yeye."

Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyefiwa.

"Najua si wewe, binti yangu. Unaniona mwendawazimu? Mlango si mgeni. Lakini mgeni akipita mlangoni, utasema hukumwona?"

Mahakama ya nje ilikuwa ndani ya jengo la vioo, na ndani yake kulikuwa na ukimya kama wa hospitali. Kila mtu alivaa vipokea sauti masikioni, maana kila neno lililosemwa kwenye kipaza sauti lilitafsiriwa papo hapo na wakalimani waliokaa nyuma ya vioo. Mama Fundi alikaa peke yake katikati. Upande wa serikali, mbele, alisimama Kaka Joho, joho lake limenyooka. Nyuma yake alikaa bwana mmoja mnene kutoka wizarani, kidevu juu ya ngumi, na kipaza sauti chake mbele yake kikiwaka taa nyekundu. Hakuna aliyekijali.

Kaka Joho hakunitazama alipoingia. Alikitazama kiti nilichokalia.

Mama Fundi aliieleza asubuhi ya mwisho bila kujikwaa. Vyombo, nguo sakafuni, kitasa. Jaji mmoja mwanamke alivua miwani. Nikaona mabega ya Shangazi yakishuka kidogo. Kisha zamu ya kudodosa ikafika.

"Mama, pole na safari," Kaka Joho alianza. Alikuwa na sauti nzuri, sikuzote. "Sina mengi. Sikuulizi ulimwona lini mwanao. Nakuuliza, umezungumza naye lini mara ya mwisho?"

Alikuwa amelipanga. Zoezi letu lilikuwa kichwani mwake lote, kiti na anayekaa juu yake, na alijua kwamba mama kama yule akishaapa hasemi uongo. Niliona mkono wa Shangazi ukishika ukingo wa meza.

"Jumatano," Mama Fundi alisema.

Minong'ono ilipita ukumbini. Kwenye masikio yangu mkalimani alirudia kwa lugha nyingine: Jumatano. Jaji mwanamke alirudisha miwani yake. Kaka Joho alitabasamu kidogo, akafunga faili. Angekaa chini hapo tungekuwa tumekwisha. Jambo la kwanza Shangazi alilomfundisha, alilotufundisha sote, ni kutomuuliza shahidi swali ambalo hujui jibu lake.

Mpaka leo sijui kwa nini hakukaa. Labda alitaka mama aonekane kichaa, ushindi uwe mtamu zaidi. Lakini nilikuwa nauona uso wake, na haukuwa uso wa mtu anayeshinda. Ulikuwa uso wa mtu aliyesimama mlangoni mwa chumba alichokikimbia, anachungulia.

"Na alikwambia yuko wapi?" aliuliza, taratibu.

"Yuko kambini, barabara ya kiwanda cha matofali," alisema Mama Fundi. "Pale mnapooshea magari. Chini ya saruji. Anasema maji yanapita juu yake mchana kutwa."

Mtu fulani alicheka kwenye viti vya nyuma, kicheko cha aibu. Kaka Joho hakucheka. Yule bwana wa wizarani alikuwa ameinuka nusu, ameinama mbele, amemvuta Kaka Joho joho. Midomo yake ilicheza. Sikumsikia, alikuwa akinong'ona. Lakini taa yake nyekundu ilikuwa inawaka, na mkalimani nyuma ya kioo hachagui. Kazi yake ni kutafsiri kila kinachoingia. Kwenye masikio ya majaji wote, na yangu, na ya waandishi wa habari, sauti yake ya kike, tulivu kama ya mtu anayesoma hali ya hewa, ilisema:

"Nani amewaambia?"

Waandishi wa habari waliinua vichwa. Jaji mkuu aligonga kipaza sauti chake kwa kidole.

"Nani amesema hivyo?" aliuliza.

Yule bwana alikaa. Akakizima kipaza sauti chake, na kidole chake kilibaki juu ya kitufe, kimekandamiza, hata baada ya taa kuzimika. Kaka Joho alikuwa bado amesimama. Alisema hana swali zaidi, na sauti yake nzuri ilikuwa imekwenda.

Amri ilitoka kabla hatujapanda ndege ya kurudi: kambi ifunguliwe, mbele ya wataalamu wa mahakama.

Tulikwenda asubuhi. Sehemu ya kuoshea magari ilikuwa sakafu kubwa ya saruji yenye mfereji katikati, bado ina povu la sabuni. Askari walisimama pembeni bila kutazama mtu. Wataalamu walivaa nguo nyeupe, na mmoja alimuuliza Shangazi waanzie wapi, maana eneo lilikuwa kubwa. Shangazi alinigeukia. Sikuwa nimejua kwamba nimeshaanza kutembea. Nilifika mahali karibu na bomba, miguu ikagoma kuendelea, baridi ikawa mpaka kwenye meno.

Wakaleta mashine. Ilipovunja saruji nilihisi kama natolewa kitu mgongoni, taratibu, kama mtu anayevuliwa koti akiwa usingizini. Walichimba mpaka jua likawa kali. Kisha mmoja wa wale wenye nguo nyeupe aliinua mkono, wote wakaacha.

Mama Fundi alipita kati yao, hakuna aliyemzuia. Alipiga magoti ukingoni. Aliongea muda mrefu, kwa sauti ya chini, akisema na shimo. Niliona midomo yake tu. Mara moja alicheka. Mara moja alitikisa kidole, kama anayemkaripia mtu kuhusu nguo. Niliegemea ukuta nikasubiri nisikie ndani yangu kile kinachojibu, na palikuwa kimya. Vidole vyangu vilikuwa na joto. Palikuwa na mimi tu, na nilishangaa jinsi nilivyo mdogo.

Aliponyanyuka alinijia. Nilidhani atanikumbatia, nikajikuta nimesogea mbele kabla yake, kola imekaa vibaya, kama mtoto anayejua atarekebishwa. Alisimama mbele yangu. Alinitazama vizuri, kwa mara ya kwanza, kama mtu anayeonyeshwa mgeni. Akanipa mkono.

"Ahsante sana, Wakili," alisema. "Mungu akulipe."

"Ahsante, Mama," nilijibu.

Akaenda kukaa karibu na mwanawe. Shangazi alikuja akanifunika bega kwa mtandio wake, ingawa jua lilikuwa linachoma, na tukabaki tumesimama pale mimi naye, nikilia kama mtu aliyefukuzwa nyumbani kwao.